Bunduki za Majaribio za Jeshi la Italia na Ukusanyaji wa Silaha za Kihistoria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na watu wanaoanza kupenda bunduki za zamani za Italia, hasa zile zilizotengenezwa chache kwa ajili ya majaribio na hazikuwahi kugawiwa jeshi zima. Majibu yamepewa namba. Jambo likishaelezwa sehemu moja, nyingine utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Bunduki ya nusu-otomatiki ni ipi hasa?

Ni ile inayotoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio, halafu inajikoki yenyewe. Nguvu ya risasi iliyotoka ndiyo inayosukuma mtambo nyuma, kutupa ganda nje, na kuruhusu springi irudishe bolti mbele ikiwa na risasi nyingine. Mpigaji anaachia kifyatulio na kukivuta tena, basi.

Bunduki ya kukoki kwa mkono inadai kazi zaidi. Baada ya kila risasi unashika mkono wa bolti, unauinua, unauvuta nyuma, unausukuma mbele na kuulaza. Otomatiki kamili nayo humimina risasi mfululizo mpaka uachie kifyatulio au risasi ziishe. Baadhi ya bunduki za Italia tunazozitaja hapa zilikuwa na swichi ya kuchagua kati ya risasi moja moja na mfululizo, na jambo hilo lina uzito mkubwa kisheria (tazama 16 na 17).

2. Nguvu ya kujikoki inapatikanaje?

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni kuchukua sehemu ya gesi ya baruti kupitia tundu dogo kwenye mtutu na kuitumia kusukuma pistoni. Ya pili ni kuuacha mtutu wenyewe urudi nyuma kidogo pamoja na bolti kwa nguvu ya mrusho, kisha viachane. Ya tatu ni kuiacha gesi iisukume bolti moja kwa moja kupitia kitako cha ganda, njia ambayo kwa kawaida hufaa risasi ndogo za bastola. Wabunifu wa Italia walizijaribu zote, na mmoja wao alichanganya mbili katika bunduki moja (tazama 6).

3. Kuna tofauti gani kati ya sampuli, bunduki ya majaribio na bunduki adimu?

Sampuli hutengenezwa moja au chache karakanani ili kuona kama wazo linafanya kazi. Bunduki za majaribio huundwa kwa makumi au mamia ili askari wazipige, wazitupe matopeni na kuandika ripoti. Zipo pia zilizopitishwa rasmi lakini uzalishaji ukakwama, na hizo huwachanganya watu sana: kwenye karatasi ni silaha kamili ya jeshi, mkononi ni adimu kuliko sampuli za nchi nyingine. Armaguerra ya 1939 (tazama 8) iko kundi hili.

4. Askari wa kawaida wa Italia alibeba nini miaka ya majaribio hayo?

Alibeba Carcano. Iliundwa katika kiwanda cha silaha cha jeshi mjini Torino, ikabeba jina la Salvatore Carcano, na ikapitishwa kama modeli ya 1891. Ilipiga risasi ya 6.5x52 (kipenyo cha milimita 6.5, ganda la urefu wa milimita 52), nyembamba, ndefu, yenye kichwa cha mviringo. Vita vyote viwili vya dunia Italia ilivipigana nayo.

Usipoielewa Carcano hutazielewa bunduki za majaribio, kwa sababu jeshi lilitaka kila silaha mpya itumie risasi zake na, mara nyingi, klipu zake. Klipu hiyo ni kipande cha chuma chembamba kinachobana risasi sita. Unaisukuma yote, pamoja na risasi, kutoka juu mpaka ishike. Risasi ya mwisho ikishaingia chemba, klipu tupu inadondoka yenyewe kupitia tundu la chini. Ukiwahi kuishika moja utashangaa ilivyo nyepesi, lakini midomo yake ikipinda kidogo tu risasi hazipandi vizuri. Katika bunduki ya kukoki kwa mkono askari huhisi kwamba risasi imekwama na kurekebisha. Mtambo unaojiendesha hauna hisia hiyo, na mbunifu wa nusu-otomatiki aliyelazimishwa kutumia klipu hii alianza kazi akiwa na mzigo mgongoni.

## Bunduki zenyewe

5. Cei-Rigotti ni bunduki gani, na kwa nini inasifiwa hivyo?

Amerigo Cei-Rigotti alikuwa kapteni wa Bersaglieri, wale askari wepesi wa miguu wa Italia wanaojulikana kwa manyoya meusi kwenye kofia. Katika miaka ya 1890, majeshi mengi yakiwa bado yanajifunza kutumia baruti isiyo na moshi, yeye alikuwa anaunda bunduki ya gesi inayoweza kupiga risasi moja moja au mfululizo. Aliionyesha kwa wakuu wake mwaka 1895, na kufikia 1900 magazeti yalikuwa yanaiandika.

Itazame upande wa kulia. Gesi inachukuliwa kutoka mtutuni na kusukuma pistoni fupi. Pistoni inasukuma fito ya chuma inayopita nje, kando ya mtutu, hadi kwenye bolti, na bolti inazunguka ili kujifungua na kujifunga. Fito ile iko wazi kabisa, hakuna mbao wala bati linaloifunika. Mtu aliyewahi kuona bunduki za gesi za miaka ya 1940 atazitambua sehemu zote, ila zimepangwa na mtu ambaye hakuwa na mfano wa kuiga. Ilitengenezwa kwa risasi ya 6.5 ya Italia, na magazini zake zilikuwa za ukubwa tofauti.

Waingereza waliagiza ili waijaribu, wakaona haiwafai. Jeshi la Italia nalo halikuipitisha. Mimi siwalaumu sana kwa uamuzi wa 1900, kwa kuwa chuma cha wakati ule, baruti ya wakati ule na gharama ya risasi vilikuwa hoja nzito. Ninachosikitikia ni kwamba wazo lenyewe liliachwa bila kulelewa. Ilipita miaka thelathini ndipo Italia ikalirudia kwa dhati.

6. Scotti Modello X inatofautianaje na nyingine?

Alfredo Scotti, mhandisi wa Brescia, alikuwa na mtambo wake aliouuza kwa matumizi mengi, kuanzia bunduki hadi mizinga ya ndege. Kanuni yake inachanganya njia mbili nilizozieleza namba 2: gesi kutoka mtutuni inasukuma pistoni ili kuifungua bolti tu, kisha mgandamizo uliobaki ndani ya mtutu unaitupa bolti nyuma kupitia ganda. Ni wazo la kijanja kwa sababu pistoni haibebi kazi yote. Ugumu wake ni muda. Bolti ikifunguka mapema kidogo, ganda linakuwa bado limeshikwa na mgandamizo mkubwa.

Herufi X katika jina lake ni namba kumi ya Kirumi, mwaka wa kumi wa kalenda ya Mafashisti, yaani 1931 hadi 1932 (tazama 12). Ilitumia risasi ya 6.5 na klipu ya risasi sita.

7. Je, ni kweli kwamba Breda ilipata mteja Amerika ya Kati?

Kweli. Kampuni ya Breda, iliyojulikana kwa treni na bunduki za rashasha, ilitengeneza modeli ya PG ya mwaka 1935, bunduki nzito ya gesi yenye magazini ya risasi 20. Kosta Rika ilinunua takriban 400, kwa risasi ya 7x57 ya Mauser. Zilizokwenda huko zilikuwa na uwezo wa kupiga mikupuo ya risasi nne nne kwa mvuto mmoja wa kifyatulio, jambo ambalo majeshi mengine yalikuja kulipenda miongo mingi baadaye. Nyumbani Italia haikupitishwa.

8. Armaguerra ya 1939 ndiyo iliyoshinda. Mbona haionekani vitani?

Mbunifu wake, Gino Revelli, alikuwa mtoto wa Bethel Abiel Revelli, aliyeunda bunduki ya rashasha ya Fiat ya 1914 na ile Villar Perosa yenye mitutu miwili. Bunduki ya Gino ilitumia nguvu ya mtutu kurudi nyuma badala ya gesi, na ndiyo iliyochaguliwa na jeshi mwaka 1939. Kiwanda chake kilikuwa Cremona.

Wakati huohuo jeshi lilikuwa limehamia risasi mpya ya 7.35, kisha likarudi kwenye 6.5. Kila badiliko kama hilo linamaanisha mitutu mipya, chemba mpya na klipu kupimwa upya, halafu majaribio yanaanza tena. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940 na ikasaini kusitisha mapigano Septemba 1943. Katika muda huo zilitoka chache sana, ndiyo maana watu waliosoma vitabu vingi vya vita hiyo hawajawahi kuiona hata kwenye picha.

9. Na Beretta je?

Beretta, kupitia mbunifu wake mkuu Tullio Marengoni, nayo ilitengeneza sampuli za nusu-otomatiki miaka ya 1930. Lakini jina la Marengoni limebaki kwa silaha za risasi ya bastola: karabini (bunduki fupi) ya 1918 na bunduki ndogo ya rashasha ya 1938 ambayo hata maadui waliisifu. Baada ya vita kiwanda hicho kilitengeneza M1 Garand, bunduki ya nusu-otomatiki ya jeshi la Marekani, kwa leseni, na kutokana nayo ikazaliwa bunduki ya BM59 iliyofanyiwa kazi na Domenico Salza.

10. Kwa ufupi, kwa nini Italia iliyoanza mapema ilichelewa?

Ubunifu haukupungua, kama ulivyoona. Kilichokosekana ni fedha na uamuzi mmoja uliodumu.

Tazama mpangilio wa miaka. Mwaka 1935 Italia inaivamia Uhabeshi. Kuanzia 1936 inapeleka watu na silaha Hispania. Vita hivyo vilimeza fedha na risasi, na risasi ndizo zilizokuwa hoja kubwa ya wakubwa wa jeshi: askari mwenye nusu-otomatiki huzimaliza upesi, na viwanda vya Italia havikuwa na uwezo wa viwanda vya Marekani. Marekani ilipitisha Garand Januari 1936 ikiwa haina vita, ikapata miaka karibu sita ya kusahihisha makosa yake kabla ya kuingia vitani.

Halafu likaja suala la risasi. Mwaka 1938, katikati ya kutafuta bunduki mpya, jeshi likaamua pia kubadilisha risasi kutoka 6.5 kwenda 7.35. Mbele ya vita kubwa likatambua kwamba haliwezi kulisha aina mbili, likageuza uamuzi. Carcano nyingi za 7.35, zaidi ya 90,000, zikaishia Finlandi. Kwangu mimi hili ndilo lililoiua nusu-otomatiki ya Italia kuliko kasoro yoyote ya springi au pistoni.

11. Je, bunduki hizi zilifika Afrika Mashariki?

Waliopigana Afrika Mashariki ya Kiitalia mwaka 1940 na 1941 walibeba Carcano na silaha za zamani zaidi. Na hizo wazee wetu walizijua vizuri. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), au Keya kama walivyoitwa, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa (Malawi ya leo), walikuwa katika majeshi yaliyoingia Mogadishu Februari 1941 na yaliyopigana mpaka Gondar iliposalimu amri Novemba mwaka huo. Bunduki walizowanyang'anya mateka zilikuwa zilezile za modeli ya 1891, muundo uliokuwa na umri wa nusu karne.

Alama za vita ile ziko Kenya mpaka leo. Kanisa dogo la Mai Mahiu, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, lilijengwa na mateka wa Kiitalia mwaka 1942. Nyeri kuna kanisa la kumbukumbu alikozikwa Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa gavana mkuu wa Italia Uhabeshi na kufariki Nairobi Machi 1942 akiwa mateka. Ukiwa Kenya na unapenda historia hii, anza na hapo.

## Kuzitambua na kuzikusanya

12. Alama zilizochongwa zinasomwaje?

Anza na mahali ilipotengenezwa: Terni, Brescia, Torino, Gardone. FAT ni kiwanda cha jeshi cha Terni. Kisha tafuta mwaka. Silaha za enzi ya Mussolini mara nyingi zina miaka miwili, mmoja wa kawaida na mwingine kwa namba za Kirumi. Kalenda ya Mafashisti ilianza kuhesabiwa 28 Oktoba 1922, hivyo mwaka XVI ni kuanzia Oktoba 1937 hadi Oktoba 1938. Namba hizo zikigongana na mwaka wa kawaida, una sababu ya kuuliza. Herufi SA ndani ya kisanduku ni za jeshi la Finlandi, na kwenye Carcano ya 7.35 zinathibitisha safari niliyoitaja namba 10.

13. Nitajuaje kama bunduki ya majaribio ni halisi?

Kwa bunduki iliyotengenezwa kwa maelfu unalinganisha na nyingine. Kwa hizi huna ya kulinganisha, kwa hiyo unategemea mambo mawili: karatasi na alama za mikono.

Karatasi ni hati miliki ya uvumbuzi, michoro, ripoti za majaribio, picha za zamani, barua za mmiliki wa kwanza. Bunduki ya majaribio isiyojulikana imepita mikononi mwa nani ni ya kutiliwa shaka mpaka ithibitike. Alama za mikono ni zile zinazoachwa na fundi: mikwaruzo ya tupa ndani ya mtambo, namba ndogo zilizogongwa kwenye kila kipande ili visichanganywe, skrubu isiyofanana na wenzake kwa sababu ilibadilishwa wakati wa majaribio. Wanaoghushi hulainisha kila kitu. Karakana ya sampuli hulainisha panapohitajika tu.

14. Niisafishe ing'ae?

Usifanye hivyo. Rangi ya zamani ya chuma, mikwaruzo ya mbao na hata herufi zilizofifia ni ushahidi. Mtu akipaka rangi mpya ya chuma na kupiga msasa kitako, amefuta sehemu ya kitabu na hakuna wa kuiandika tena. Ondoa vumbi kwa kitambaa laini, zuia kutu isiendelee kwa mafuta mepesi au nta inayotumiwa na makumbusho, na vaa glavu kwa sababu jasho la vidole lina chumvi. Anayeishi pwani ana kazi zaidi: hewa ya bahari hula chuma haraka, kwa hiyo kabati liwe na kifaa cha kupunguza unyevu, na usihifadhi silaha ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hushika maji.

15. Naweza kuipiga risasi?

Bunduki ya majaribio, hapana. Pistoni au kishikio cha ganda kikivunjika hakuna pa kununua kingine, na umeharibu kitu ambacho pengine kimebaki kimoja duniani.

Hata Carcano ya kawaida iangaliwe na fundi mwenye leseni kwanza. Risasi yake ina kipenyo kinachozidi kidogo cha risasi nyingine nyingi ziitwazo 6.5, na ukichanganya, shabaha inapotea na watu huilaumu bunduki. Hatari zaidi ni Vetterli za zamani, bunduki za Italia zilizoitangulia Carcano, zilizobadilishwa kupiga 6.5 wakati wa Vita vya Kwanza, modeli ya 1870/87/15. Mtambo wake ulibuniwa kwa baruti nyeusi. Iache ukutani.

## Sheria

16. Sheria za nchi zenye wakusanyaji wengi zinasemaje?

Zinatofautiana sana, na haya ni ya kukuelekeza tu. Italia hutumia sheria namba 110 ya 1975, inayotenganisha silaha za vita na za kawaida, na kuhesabu kama za kale zile zinazojazwa kwa mbele ya mtutu pamoja na zile zilizotengenezwa kabla ya 1890. Mwenye leseni ya mkusanyiko haruhusiwi kuwa na risasi za silaha zilizo kwenye mkusanyiko huo. Uingereza ilipiga marufuku bunduki kubwa za nusu-otomatiki kwa raia mwaka 1988.

Marekani, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa ya kale, na ipo leseni maalumu kwa wakusanyaji wa silaha zenye umri wa miaka 50 na zaidi. Lakini bunduki yenye uwezo wa kupiga mfululizo huhesabiwa ya otomatiki, na rejista ya raia kwa silaha hizo ilifungwa Mei 1986. Kwa hiyo Scotti na Breda ya Kosta Rika, ingawa ni za nchi moja na miaka ileile, zinaweza kuangukia vifungu tofauti kabisa. Majimbo nayo yana sheria zake.

17. Na kwetu, Kenya au Tanzania?

Sahau kabisa kununua. Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo inazitaka nchi wanachama kuzuia kabisa raia kumiliki bunduki za otomatiki na nusu-otomatiki. Kenya ina Sheria ya Silaha, sura ya 114, na Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015. Umri wa silaha peke yake hauifanyi kuwa pambo, na hata gobori la babu linahitaji kibali.

18. Nimekuta bunduki ya zamani kwenye mali za marehemu. Nifanye nini?

Usiikoki ili kuona kama ina risasi, na usiipeleke mwenyewe kituoni ukiwa umeibeba mkononi au kwenye gari. Iache ilipo, zuia watoto, kisha piga simu polisi au nenda ukawaeleze ili waje wao. Kabla hawajaichukua, omba kupiga picha za alama zote, na andika kila kinachokumbukwa na familia: marehemu alikuwa kikosi gani, aliipata wapi, mwaka gani. Ikionekana ina thamani ya kihistoria, waulize kama makumbusho ya taifa yanaweza kuarifiwa kabla haijaharibiwa. Kumbukumbu za wazee wa Keya zinapotea haraka kuliko vyuma, na mara nyingi karatasi moja ya kuachishwa jeshi iliyo chini ya sanduku ina maana zaidi kuliko bunduki.

## Maswali ya pembeni

19. Ni kweli Kennedy aliuawa kwa Carcano?

Ndiyo. Uchunguzi rasmi wa Marekani uliitaja bunduki fupi ya 91/38 ya 6.5, namba C2766, iliyotengenezwa Terni mwaka 1940. Tangu hapo modeli hiyo imekuwa na wanunuzi ambao hawana haja na Italia wala historia yake. Haihusiani na bunduki za majaribio.

20. Naweza kuziona wapi bila kumiliki?

Italia kuna Makumbusho ya Vita ya Rovereto, yaliyo ndani ya ngome ya mji, na makumbusho ya silaha ya Gardone Val Trompia, bonde ambalo Beretta imefanya kazi tangu 1526. Kiwanda cha jeshi cha Terni kina mkusanyiko wake wa silaha. Uingereza, hazina ya zamani ya sampuli za serikali sasa iko chini ya Royal Armouries mjini Leeds. Vitu vingi adimu viko ghalani, si kwenye kabati za wageni, kwa hiyo andika mapema ukieleza unachofanyia utafiti.

21. Je, mtu anaweza kuwa mkusanyaji bila bunduki hata moja?

Anaweza, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Hati miliki za wabunifu hawa zinapatikana katika hazina za mtandaoni, na michoro yake huonyesha mtambo vizuri kuliko picha ya nje. Kuna vitabu vya mafunzo vya jeshi, kadi za posta za Bersaglieri, klipu tupu za Carcano na picha za mateka. Singe ina masharti yake katika baadhi ya nchi, ulizia kabla ya kuagiza. Anza na mbunifu mmoja. Scotti anafaa kwa sababu mtambo wake aliutumia kwenye silaha nyingi, na kila mchoro mpya unakueleza alichokuwa anakisahihisha katika ule uliotangulia.